Ndoo Mia Mbili na Kumi na Nne

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Bi Koki anafungua kufuli la uzio wa kituo cha maji, anainama mbele ya bomba na kuzungusha koki hadi mwisho. Bomba linakohoa. Linatoa hewa yenye harufu ya kutu, kisha linanyamaza. Anasubiri kidogo, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba anayojua wenyewe wameshahama, halafu anafunga.

Anachomoa daftari mfukoni, anaandika tarehe, na mbele yake neno moja: hakuna.

"Zamani nilikuwa naandika 'hakuna maji'," anasema. "Nikaona namaliza wino bure."

Hilo ni daftari la tatu. Katika madaftari yote matatu, tangu kituo kizinduliwe miaka mitatu iliyopita, kuna siku moja tu iliyoandikwa "maji yapo". Ni siku ya uzinduzi. Na maji ya siku hiyo hayakupita kwenye bomba lolote kutoka mlimani. Bi Koki na wenzake waliyapandisha kwenye tangi kwa ndoo.

Ana miaka hamsini na miwili, ni mjane, mrefu, na ana sauti ya kusikika ng'ambo ya kiwanja. Jina la Bi Koki alibatizwa na majirani siku alipochaguliwa kuwa mhudumu wa bomba. Enzi hizo ulikuwa utani mtamu. Siku hizi mtu akimwita hivyo huangalia kwanza amekaaje.

Posho ya kazi hii ni elfu ishirini kwa mwezi. Haimfikishi hata katikati ya mwezi, kwa hiyo anafua nguo za walimu. Kufua kunamlazimu kwenda mtoni, kilomita nne kwenda na nne kurudi, na njia nzima funguo za bomba la kijiji zinalia kiunoni mwake.

"Wananicheka," anasema. "Mwenye bomba anaenda mtoni. Ningekuwa mimi si mimi, na mimi ningecheka."

Ukikiona kituo chenyewe, hutaamini. Mnara wa saruji, tangi la lita elfu tano, uzio wa waya, ubao wenye maandishi ya rangi ya bluu. Kwa picha, hakina kasoro. Kilichokosekana ni kilomita mbili za mabomba, kati ya chemchemi na tangi. Mtaro upo, na wanakijiji waliuchimba wenyewe kwa majembe yao, mwezi mzima, bila malipo, kwa sababu waliambiwa huo ndio mchango wao. Mabomba ya kulaza humo yalisemekana yako njiani. Mpaka leo yako njiani, na mtaro umeota nyasi.

Siku mbili kabla ya uzinduzi, mwenyekiti wa kijiji alifika nyumbani kwa Bi Koki akiwa amekauka midomo. Mwenyekiti huyo ni mdogo wa marehemu mumewe, kwa hiyo hakuhitaji kuzunguka sana.

"Aliniambia, 'Shemeji, tuokoe. Mgeni rasmi akifungua bomba likatoa hewa, tumekwisha. Mabomba yatakuja wiki ijayo, wameniapia.' Nikamwonea huruma. Huruma yangu ndiyo iliyotuponza."

Bi Koki alipita nyumba kwa nyumba. Wanawake zaidi ya hamsini walikubali, safari nne kila mmoja kwa siku mbili, ndoo kichwani. Yeye alisimama juu ya ngazi, akipokea na kumimina, huku akihesabu kwa sauti ili wasikate tamaa. Walifika ndoo mia mbili na kumi na nne. Walipomaliza waliimba.

Kesho yake mgeni rasmi alikata utepe, akanawa, akanywa glasi nzima, akasema maji ni matamu. Wapiga picha wakamwomba Bi Koki asogee karibu na bomba na atabasamu. Akatabasamu. Maji yalianza kutoka saa nne asubuhi yakakatika saa nane mchana, wakati magari ya wageni yameshaondoka.

Wiki ijayo haikufika. Bi Koki amekwenda ofisi ya maji ya wilaya mara nne, nauli yake mfukoni mwake. Mara zote hupigwa kalenda. Mara ya nne ndiyo inayomchoma hadi leo. Ofisa alivuta faili, akalifunua, akamgeuzia picha.

"Akaniuliza, 'Mama, si wewe huyu?' Nikasema ni mimi. 'Na hayo si maji?' Nikasema ni maji. 'Sasa tatizo liko wapi?'"

Alimweleza kwamba maji yale waliyabeba kichwani. Ofisa akacheka, akamuuliza kama anakiri kwamba kijiji kilimdanganya mgeni rasmi. Kisha akamwonyesha muhuri: mradi umekamilika, fungu la fedha limefungwa. Huwezi kuomba mabomba ya mradi uliokamilika.

"Niliingia mle ndani mlalamikaji, nikatoka mshtakiwa," anasema, na hapo sauti inapanda. "Wao wamekula mabomba, au wameyapoteza, au wameyapeleka kwingine, sijui! Lakini mwenye kosa ni mimi, niliyebeba maji!"

Hatua thelathini kutoka kwenye bomba kuna zahanati. Nayo ina koki mbili ukutani, nzuri, zinazong'aa kwa sababu hazijawahi kutumika. Mjamzito anayekuja kujifungua huambiwa aje na madumu mawili ya maji. Asiyeweza kubeba hubebewa na mama yake au mumewe. Asiye na mtu huja hivyo hivyo.

Mwaka jana binti wa pekee wa Bi Koki alishikwa na uchungu wiki tatu kabla ya siku zake. Madumu hayakuwa yamejazwa. Mkunga wa zahanati, mwanamke mpole anayeongea huku akiangalia viatu vyake, anakumbuka.

"Nilikuwa nimeshajipaka sabuni mikono yote," anasema. "Nikainamisha dumu, tupu. Nikainamisha la pili, tupu. Mtoto alikuwa anakuja. Nikajifuta kwa kitenge cha mama yake nikampokea."

Mtoto alikuwa wa kike. Aliishi siku sita. Kitovu kilioza.

Mkunga hasemi kwamba ni maji. Anasema mambo mengi huweza kusababisha. Bi Koki anasema ni maji, na ukimtazama usoni hutathubutu kubishana naye.

"Nilibeba ndoo mia mbili kwa ajili ya mtu aliyekuja kunawa mara moja," anasema. "Mjukuu wangu hakupata hata kopo." Analia waziwazi, bila kujificha, kisha anajifuta na kuendelea kufagia ndani ya uzio, ambako hakuna uchafu.

Sasa binti huyo ana mimba nyingine, miezi minane na siku kadhaa. Na barua imekuja: mgeni rasmi mwingine atafika Alhamisi, saa nne asubuhi, kutembelea kituo hiki kama mradi wa mfano.

Mwenyekiti anafika mwandishi wa makala haya akiwa bado hapo, Jumatatu. Anaegesha baiskeli, anavua kofia.

"Shemeji, umeamkaje?"

"Nimeamka. Kama ni habari ya tangi, jibu langu unalijua."

"Hujanisikiliza."

"Mwaka ule nilikusikiliza."

Mwenyekiti anazungusha kofia mkononi. Si mtu mbaya, na hata Bi Koki anakiri hivyo akiwa ametulia. Anaeleza kwamba safari hii hakuna wa kubeba. Wilaya inaleta boza, gari la maji, Jumatano saa nne, na litajaza tangi lote. Mgeni akiridhika, kijiji kimeahidiwa awamu ya pili, ya kufikisha maji shuleni.

"Awamu ya pili ya nini? Ya hewa?"

Mkunga, aliyesimama mlangoni mwa zahanati, anacheka kisha anajizuia. Anauliza kama boza hilo linaweza kujaza na mapipa ya zahanati.

"Hilo halimo kwenye barua," mwenyekiti anajibu, akiangalia pembeni. "Mimi nimetumwa tu, jamani. Nikikataa, kijiji kizima kitawekwa kando."

"Kando ndiko tuliko!" Bi Koki anafoka. "Hela ya boza la siku moja ipo. Ya kutuonyesha kwa wageni ipo. Ya kilomita mbili za bomba haipo! Ningekuwa na akili hii mwaka ule, ningekutupia ngazi."

Bi Koki anaangalia tangi, anaangalia zahanati, anaangalia funguo mkononi mwake. Kisha anasema, kwa sauti ya chini ambayo si yake, "Haya. Lete boza lako. Mfuniko nitafungua."

Mwenyekiti haamini masikio yake. Anamshukuru mara tatu, anapanda baiskeli na kuondoka mbio kabla Bi Koki hajabadili mawazo. Mkunga anabaki amemkodolea macho.

Bi Koki anasubiri baiskeli ipotee ndipo anaeleza. Jumatano mchana mwenyekiti atakuwa mjini kumpokea mgeni. Boza likishaondoka, yeye atafungua koki. Kwanza yatajaa mapipa matatu ya zahanati, mpaka juu, na yatafunikwa. Halafu madumu ya wajawazito wote. Halafu kila mwanamke aliyebeba ndoo mwaka ule, na ndoo yake. Atahesabu kwa sauti, kama mwanzo, mpaka bomba lianze kukohoa.

Binti yake akijifungua wiki hii au wiki ijayo, mkunga atakuwa na maji. Anajua mapipa matatu hayafiki mbali. Kwa hiyo mpango una sehemu ya pili, na sehemu hiyo ni ya Alhamisi.

Ameshanunua kipande kipya cha sabuni kwa pesa ya kufulia. Amekifunga kwenye karatasi. Madaftari matatu ameyafunga kwa kamba, tayari kukabidhiwa mgeni.

Aliomba jambo moja tu, kwamba makala haya yasitoke kabla ya siku yenyewe. Aliahidiwa hivyo. Leo ni Alhamisi.

"Atataka kunawa, maana wote hutaka kunawa mbele ya picha," alisema Jumatatu ile, akifunga kufuli la uzio. "Nitampa sabuni kwanza, kwa heshima zote. Nitamwambia, baba, jipake vizuri, mikono yote miwili, mpaka viwikoni. Na mimi nitasogea karibu wanipige picha. Halafu ndipo nitafungua koki."