Ishirini na Mbili kwa Saba

Haingo alifundisha hesabu Ambositra, Madagaska, kwa miaka ishirini na sita, na nusu ya wachonga mbao wa mji ule walikuwa wamepita mikononi mwake. Somo alilolipenda zaidi lilikuwa la aina za namba. Alichora maboksi ubaoni, moja ndani ya jingine: za kuhesabia, kisha nzima pamoja na hasi zake, kisha zote zinazoandikika kama sehemu. Pembeni alizitenga zisizoandikika hivyo, mfano kipeuo cha pili cha mbili. Pai, ile ya kupatia mzingo wa duara, aliiweka kwenye sehemu. Si ni ishirini na mbili kwa saba?

Mwaka mmoja aliletewa mwalimu mpya, Fanja, ambaye yeye Haingo ndiye aliyemfundisha zamani. Wakawa wanasahihisha madaftari pamoja. Siku ya tatu Fanja alingoja walimu wengine waende kula.

“Madama, pai si sehemu. Ile ishirini na mbili kwa saba ni makadirio tu.”

“Nani kakwambia?”

“Chuoni. Nilikosa swali hilo kwa kujibu ulivyotufundisha.”

Haingo alimjibu kwamba vyuo vya siku hizi vinafundisha ubishi, akaondoka. Nyumbani, mchele ukiwa jikoni, alishika kalamu akagawanya. Baada ya tarakimu sita za desimali, jibu likaanza kujirudia. Akafungua jedwali la nyuma ya kitabu. Pai ya pale ilikuwa imeachana na yake tangu tarakimu ya tatu ya desimali. Kitabu chenyewe alikuwa nacho miaka yote hiyo. Hakula vizuri.

Asubuhi aliifuta pai, akaihamishia pembeni, akawaeleza wanafunzi kwamba aliyekosea ni yeye.

“Na dada yangu uliyempa vema mwaka jana?” aliuliza msichana mmoja.

“Mwambie nimekosea. Akitaka, aje nimweleze.”

Dada mtu hakuja. Sokoni Haingo alimsimamisha mchonga meza mmoja, mwanafunzi wake wa zamani, akamweleza. Yule alicheka, akasema meza zake za duara hazijawahi kukataa ukingo alioukata kwa ishirini na mbili kwa saba. Haingo akamwambia aendelee kuitumia, ila asiiite pai.

Kwa Fanja hakuomba radhi. Walizungumza ya kazi tu, karibu muhula mzima. Ratiba ya mwaka uliofuata, aliyoipanga Haingo, ilipobandikwa, Fanja aliona amepewa somo la aina za namba. Haingo alikuwa amejiachia jometri.