Aplikesheni Isiyosema Hakuna

Mpwa wangu aliponiomba nimwandikie maneno ya aplikesheni ya maktaba, nilijiona nimeitwa mahali pangu. Mimi ndiye mwandishi wa ukoo, maana yake ndiye ninayetwishwa hotuba za harusi na shukrani za misiba. Nikamfuata Kariakoo, kwenye chumba anachofanyia kazi juu ya duka la baba yake, shemeji yangu, muuza zipu na nyuzi za cherehani. Nilibeba kurasa kadhaa. Ya kwanza ilianza hivi: "Mpendwa msomaji, tunasikitika kukufahamisha kwamba kitabu ulichokihitaji hakipatikani kwa wakati huu."

Akasoma, akanitazama, akasoma tena.

"Mjomba, hiki ni kioo cha simu. Si mimbari."

"Nimetia adabu kidogo tu."

"Adabu imejaza kioo chote. Kitabu chenyewe kitaonekana wapi?"

Nikaanza kukata. Hadi jua linazama, kazi yangu yote ilikuwa imebaki "Tafuta", "Azima", "Rudisha" na "Hakipo". Sijawahi kuandika kitu kifupi hivyo, wala kitu ambacho nilikuwa na hakika watu watakisoma chote.

Lakini haukuwa mchezo. Chuo kikuu kimoja cha mjini kilikuwa kimempa nafasi ya kuijaribu aplikesheni yake. Ikikubalika, itakuwa ndiyo ya maktaba nzima. Ikikataliwa, watachukua nyingine iliyokwisha kutengenezwa nje, na kazi yake itaishia kwenye kompyuta yake. Alikuwa ameacha ajira ili aitengeneze, na mama yake, yaani dada yangu, alikuwa bado hajalimeza hilo.

Siku ya majaribio wanafunzi waliipenda. Herufi zilisomeka bila kukodoa macho. Hata mimi, ambaye nikitaka kupokea simu huwasha tochi, niliiweza. Ulitaja kitabu, rafu yake ikawaka rangi kwenye ramani, ukaifuata. Tatizo lilikuwa mwisho wa safari. Dada mmoja anayesoma sheria alifika kwenye rafu yake, kitabu hamna. Mwenzake naye hamna. Wa tatu alirudi anacheka.

Aliyesoma chuo hapa kwetu haambiwi sababu. Mitihani ikikaribia, kitabu kinachogombaniwa huhama. Hakiibwi, kinafichwa. Cha sheria hulazwa nyuma ya vitabu vya ufugaji nyuki, na kikundi kimoja tu cha marafiki ndicho kinachojua. Desturi hii niliikuta nilipoingia chuo na niliiacha nilipotoka, ikiwa na afya njema. Kwenye kompyuta kitabu kipo, kwenye rafu kuna vumbi.

Mkutubi mkuu, mama mtaratibu mwenye miwani ya kamba, alimrudishia mpwa wangu simu yake.

"Mwanangu, ni nzuri. Lakini inadanganya. Nakupa wiki moja, baada ya hapo nachukua ile ya nje."

Tulirudi Kariakoo. Dukani tulimkuta fundi cherehani anataka zipu ya rangi ya damu ya mzee. Shemeji hakuwa nayo. Nilikuwa naziona zipu zake zote zinavyoning'inia, na hiyo haikuwamo. Hata hivyo akamwambia:

"Ipo, dada. Kaa kidogo."

Akatoka mlangoni akamwita jirani. Jirani akapaza sauti kwa wa ng'ambo, wa ng'ambo akaingia kwenye uchochoro. Baada ya muda zipu ikaja, ikipita mkono kwa mkono juu ya vichwa vya watu na mikokoteni. Kariakoo mwenye duka hasemi hakuna, kwa sababu kesho jirani ndiye atakayekwama. Jambo hilo nimeliona maisha yangu yote, na sikuwahi kuliangalia.

Mpwa wangu alikuwa amesimama kwenye ngazi, hajapanda.

"Mjomba, futa ile 'Hakipo'."

"Tuweke nini?"

"Tuulize. 'Nani kakiona?'"

"Aliyekificha ndiye atajitaja?"

"Sitaki ajitaje. Jina halitaonekana. Aseme kilipo tu. Na yeye si anatafuta cha kwake, kilichofichwa na mwenzake?"

Siku tuliyorudi maktaba mvua ilinyesha kwelikweli. Bonde la Jangwani lilijaa maji, njia ikafungwa, na wanafunzi waliokuwa waende nyumbani wakabaki mezani. Yule dada wa sheria akauliza wa kwanza. Swali likawafikia wote waliokuwa na aplikesheni, simu zikatetemeka ukumbi mzima. Watu wakasoma, kisha wakainamia tena madaftari yao. Mkutubi mkuu akatazama saa ya ukutani. Mpwa wangu alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake kana kwamba utaondoka.

Kisha jibu likaingia: "Chini ya kabati la ramani, kimelazwa."

Dada akaenda, akapiga magoti, akainuka na kitabu, akakipangusa. Hakuna aliyecheka. Mwingine akauliza. "Katikati ya ripoti za pamba." Mwingine. "Juu ya bomba la choo cha zamani, kimefungwa kwenye mfuko." Watu wakaanza kuinuka meza hii na ile, kimyakimya, wakienda kwenye pembe zisizoendewa na mtu, wakirudi na vitabu vifuani. Maktaba niliyokuwa nikiidhania ilikuwa kwenye rafu. Hii nyingine ilikuwa vichwani mwa watu hawa, kila mmoja na kipande chake, na sasa ilikuwa inajiunga mbele yangu kwa maneno mawili. Na hata hayo mawili hayakuwa yangu.

Mkutubi mkuu akamwomba mpwa wangu simu. Aliandika kwa kidole kimoja jina la kitabu ambacho, alituambia, alikihesabu kimepotea tangu alipokuwa msaidizi. Tukasubiri pamoja naye.

"Dirisha la mwisho, upande wa bandari. Nyuma ya pazia."

Hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe, akakawia huko. Aliporudi alikuwa amekikumbatia, kifua chote vumbi, na hakukiweka mezani.

"Hii," alimwambia mpwa wangu, "niwekee kwenye simu yangu. Na za wasaidizi wangu wote. Leo, kabla hamjaondoka."

Mpwa wangu akaitika, "Sawa, mama." Halafu akakaa chini, palepale sakafuni, kama mtu aliyetua gunia.