Kovu Nililoliona Ganze

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa viatu vilivyonipwaya, ubao wa kuandikia na madodoso, yaani karatasi za maswali ya kuuliza nyumba kwa nyumba. Tulihesabu wenye magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu: kifafa, kiharusi, kutetemeka mwili. Nilijiona mtu mkubwa kweli. Msimamizi wetu, mama asiyecheka ovyo, alituonya: "Msiulize tu, tazameni. Mwenye kifafa huangukia moto. Makovu mtayaona." Aliyeandikwa ndiye aliyefuatwa na daktari na vidonge.

Huko Ganze, vijijini Kilifi, huulizwa mwenye mji, yaani mkuu wa boma, si mwingine. Katika mji mmoja nilimkuta mzee akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikamuuliza kama pana mtu wa kuangukaanguka, mwenye vitsala, kama Wagiriama wanavyokiita kifafa.

"Hapa hatuna. Tu wazima, twashukuru."

Akaagiza maji. Aliyeyaleta ni bintiye, Kadzo. Aliponyoosha kikombe niliuona mkono wake: vidole viwili vimegandana, ngozi imekunjamana kwa moto. Alijua nimeona, akauficha ndani ya leso aliyojifunga.

"Huyu anaposwa mwezi huu," mzee aliniambia taratibu, macho yakiwa kwangu.

Nilielewa. Nikimwandika, posa ingevunjika. Nami niliona haya kumkadhibisha mzee mbele ya mwanawe, tena nimekunywa maji yao, na maji yenyewe yalichotwa mbali. Nikaandika: hakuna.

Duru ya pili ya kuhesabu ilinirudisha pale. Kadzo alikuwa ameshazikwa. Alianguka jikoni kwa mumewe, peke yake, sufuria ikiwa motoni. Nililia mbele ya mzee, na sikuwa na haki ya kulia.

"Mwanangu, wewe uliona," alisema. "Mbona hukuniuliza mara ya pili?"

Nilimweleza msimamizi yote. Akasema, "Kuanzia leo, wanawake waulizwe kando." Na ndivyo tulivyofanya mpaka nikastaafu.

Sasa niko nyumbani Kilifi, miguu inauma. Vijana wa kazi hiyo huja na vishikwambi vyao kuniuliza kama kweli kifafa ni kingi huku kwetu. Nami huwaambia ni kingi kuliko kilivyoandikwa, kwa sababu yupo mmoja ambaye mimi mwenyewe sikumwandika.