Jiko Chini ya Bampa

Dedan Kahiga hajawahi kumlipa fundi kwa roho safi. Miaka thelathini alikaa ofisini mjini Nyeri akigonga mihuri kwenye makaratasi ya watu, na alipostaafu akarudi nyumbani Ruring'u na vyeo vyote alivyojipa mwenyewe. Yeye fundi wa bomba, yeye fundi wa stima, yeye daktari wa ng'ombe. Bomba alilolitengeneza lilivuja jikoni hadi Pasaka. Ng'ombe naye tumwache apumzike. Ukimuuliza mkewe, Wangechi, atakwambia mzee wake anajua kila kitu isipokuwa kunyamaza.

Wangechi anauza mchele. Kwa miaka minane, kila Alhamisi ya pili alishuka Mwea na gari lao, Fielder ya rangi ya fedha, akapakia magunia, akapita Sagana na kurudi kwake kabla ya watoto wa shule kutoka. Gari lenyewe lilinunuliwa na mchele huohuo. Lakini katika mdomo wa Dedan lilikuwa "gari yangu" tangu siku lilipofika.

Basi mwezi wa nne bampa la mbele likaonekana na mkwaruzo, kwenye pembe ya kushoto, mpana kama kiganja. Dedan akasema mara moja kwamba Wangechi amegonga geti. Akalisema nyumbani, akawaambia majirani, kisha Jumapili akalirudia nje ya kanisa akiwa na wazee wenzake, wakacheka huku wake zao wakisikia. Wangechi alikataa mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu hakujibu. Mtu akiambiwa jambo moja kila siku huanza kujishuku, na yeye akaanza kukumbuka ile Alhamisi ya mvua kubwa, akajiuliza kama kweli aligusa geti asisikie. Hilo ndilo lililomuuma kuliko vicheko.

Dedan akachukua funguo. Ati zikae na mtu anayeona geti. Tangu hapo mchele ukawa wa kuombewa safari, na Alhamisi mzee hakosi sababu: leo mgongo, kesho mkutano. Nusu ya wateja wa Wangechi wakahamia kwa mwingine. Na kila walipotoka mahali pamoja, Dedan alisimamisha gari mbele ya geti, akamshusha mkewe, amfungulie na kumwongoza kwa mikono hewani, kushoto kidogo, kulia kidogo, ili ajifunze geti lilipo. Mama wa miaka hamsini na sita, anapungiwa na wapita njia.

Mkwaruzo wenyewe aliubandika tepu nyeusi siku ileile. Akasema usipofunikwa utashika kutu. Kutu! Bampa la plastiki! Wangechi aliitazama tepu hiyo miezi mitatu, hakuwaza neno, kwa sababu ujinga wa Dedan ni mwingi na mtu hawezi kuuchunguza wote.

Ndipo ikafika Julai, na siku ya ruracio ya mtoto wao Griffins, ya kupeleka mahari kwa akina Lynn, mchumba wake, huko Mwea. Fielder ndiyo ingetangulia msafara. Na kila anayejua kwetu anajua kinachowapata wageni wa ruracio: wanakuta geti limefungwa. Wanawake wa kwao wanasimama ndani wakiimba, wanawake wa wageni wanajibu kutoka nje, wanataniana na kuulizana hadi wenye boma waridhike. Gari la kwanza linakaa hapo, pua kwenye geti, likitazamwa na shangazi wote wa bibi harusi. Bampa la tepu lisingefaa.

Wangechi alipendekeza Mutuma, fundi wa kupiga rangi mwenye banda karibu na stendi. Mutuma aliliangalia, akasema waliache Jumatatu wachukue Alhamisi, maana baridi hii rangi inataka kupumzika. Dedan akamcheka usoni. Yeye alikuwa ametazama video kwenye simu, mtu fulani amevaa kaptura, anamaliza bampa mchana mmoja. Hakuona kwamba yule wa kaptura alikuwa kwenye jua la kupasua mawe. Nyeri mwezi wa saba mtu anaanika soksi Jumatatu anazivaa Ijumaa zikiwa bado na unyevu, na Dedan amezaliwa hapahapa.

Jumatano akaanza. Akachukua beseni la Wangechi la kuoshea mchele, bila kuuliza, akaloweka msasa, akabandua tepu na kusugua. Akachoka baada ya dakika kumi akaingia ndani kutafuta chai. Wangechi alipotoka kudai beseni lake akakuta maji yamekuwa ya kijani.

Akasimama hapo. Geti lao ni jekundu, lile jekundu la kuzuia kutu, na halijawahi kuwa na rangi nyingine tangu lijengwe. Akainama kwenye bampa. Ndani ya mkwaruzo, pale msasa haujafika, kulikuwa na kijani kibichi. Na Ruring'u yote nguzo za kijani cha namna ile ziko mahali pamoja tu, kwenye bucha ya Muchangi.

Akavaa sweta akaenda kununua matumbo nusu kilo. Nguzo ya mwisho ilikuwa imekwanguka kimo cha goti, na kwenye kovu lake kuna rangi ya fedha. Muchangi alipomwona akiitazama akacheka, akamuuliza kama mzee alishatengeneza gari, kwa maana siku ile aliegesha huku akitazama ubao wa drafti badala ya kutazama mbele. Alidhani mama anajua. Siku gani? Jumatano, kama kawaida yake. Jumatano ndiyo siku ambayo Dedan husema anakwenda kwenye kamati ya ujenzi wa kanisa.

Wangechi alikaa kwenye benchi la bucha na matumbo yake mapajani. Alikuwa na hasira, ndiyo, lakini kabla ya hasira alipata nafuu kubwa. Hakugusa geti. Macho yake ni mazima. Miezi mitatu alikuwa amejidharau bure kwa ajili ya mwongo mmoja mwenye drafti.

Akaamua kunyamaza hadi Jumamosi ipite. Griffins hakuwa na kosa, na mambo ya nyumbani hayapelekwi kwa wakwe.

Dedan naye aliendelea kujiharibia. Akapaka fila, ile lipu ya kuziba mikwaruzo, nene kama uji, akaisugua kabla haijakauka, ikatoka kwa mabonge. Alhamisi akapuliza rangi ya kopo ndani ya ukungu, ikageuka nyeupe kama maziwa yaliyochacha. Akapuliza nyingine juu yake, ikateremka kwa michirizi. Wangechi alimkumbusha habari za Mutuma kwa sauti ya upole. Dedan akasema mafundi ni wezi, na kwamba akili ya mtu aliyesoma haishindwi na kopo.

Ijumaa jioni rangi ilikuwa bado inanata. Hapo ndipo msomi wetu akaingia jikoni, akateremsha sufuria ya githeri, akabeba jiko likiwa na makaa mekundu hadi nje, akalisukuma chini ya bampa. Dakika kumi tu, akasema, kisha akakaa kutazama habari. Sisi watu wa baridi hukausha kila kitu kwa jiko: nguo za mtoto, viatu vya shule, hata kuni zenyewe. Lakini hakuna aliyewahi kuiwekea jiko plastiki, ila Dedan Kahiga.

Harufu ndiyo iliyowaita. Walipofika, pembe ya kushoto ilikuwa imelegea na kuning'inia kama mdomo wa mtu aliyetoka kung'olewa jino, na rangi imetoa malengelenge. Dedan akalivuta bampa kwa kitambaa, akalifunga kwa waya, akarudi nyuma hatua tatu kulitazama.

"Haionekani sana," akasema.

Wangechi aliokota jiko lake akarudi ndani. Alicheka peke yake jikoni hadi machozi yakamtoka, na githeri ikaiva saa mbili unusu.

Jumamosi wakashuka Mwea, Fielder mbele, magari manne nyuma. Geti likawa limefungwa, kama ilivyo desturi, na ndani shangazi yake Lynn, Kagure, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamsha kijiji, akashika wimbo. Wangechi na wanawake wa Ruring'u wakashuka wakajibu. Wametoka wapi? Mlimani. Wanatafuta nini? Ua waliloliona likichanua. Mambo yakaenda vizuri, hadi Kagure alipochungulia kati ya vyuma vya geti na kuliona bampa. Huyo si mtu wa kuacha kitu kama hicho kipite. Akaimba kwamba wageni wamekuja na gari lililoungua mdomo, na geti halifunguki mpaka waseme aliyeliunguza ni nani, asije akawaunguzia mtoto.

Wanawake wote wa Ruring'u walikuwa wameisikia ile hadithi ya nje ya kanisa. Macho yakamgeukia Wangechi.

Hata hapo angeweza kulipita kwa mzaha wowote. Angelipita, kwa ajili ya Griffins. Lakini Dedan akatoa kichwa dirishani, suti na tai, akicheka.

"Muulizeni huyo mama. Hiyo ni kazi yake, haoni geti."

Griffins, aliyekuwa kwenye gari la pili, akatazama chini. Wangechi akamwona, na akaona pia kwamba akinyamaza leo, hii ndiyo itakuwa hadithi yake mpaka kaburini, huku Ruring'u na huku Mwea. Njia ya mwongo ni fupi, na hii imeishia kwenye geti la wakwe. Akavuta pumzi, akaimba kwa sauti yake yote.

Akaimba kwamba siri ya mtungi waulize kata, na kata ni yeye. Mdomo wa gari uliumia mara mbili. Mara ya kwanza ulibusu nguzo ya kijani kwa Muchangi, siku ya Jumatano, dereva akiwa anatazama drafti. Mara ya pili ulitiwa jiko chini yake, kwa sababu ulikuwa unahisi baridi. Na dereva wa mara zote mbili, akaimba, ndiye huyo anayewachekea dirishani.

Kagure akapiga kigelegele, na wanawake wa pande zote mbili wakakidaka, wakarudia lile la jiko mara tatu, wengine wakishikilia geti wasianguke kwa kicheko. Mzee mwenzake Dedan wa kanisa, aliyekaa naye mbele, alitoa miwani akaifuta muda mrefu. Dedan akarudisha kichwa ndani taratibu. Geti likafunguliwa wazi.

Mazungumzo ya wazee yalikwenda salama. Alasiri, walipokuwa wakiagana, Wangechi alimfuata mumewe hadi kwenye gari, akanyoosha mkono. Dedan alitazama huku na huku. Kagure alikuwa amesimama hapo karibu na zawadi ya gunia la mchele wa pishori, akingoja kuona. Funguo zikatoka mfukoni.

Gunia liliwekwa nyuma, na Dedan akakaa kando yake, magoti yamembana, tangu Mwea hadi Sagana hadi nyumbani. Manyunyu yalikuwa yameanza walipofika Ruring'u. Wangechi akasimamisha Fielder mbele ya geti lao jekundu, akapiga honi mara moja, akangoja na mikono yake kwenye usukani.

Dedan akashuka kwenda kufungua.