Mtini wa mama mkwe uliopukutisha majani Kashojwa, na sisi tuliokuwa tunauumiza

Wakuu, heshima zenu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na pa kuhesabu nimehesabu mara mbili.

Ilikuwa 2013, Kashojwa, hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda. Nyuma ya nyumba tulikuwa na mtini mmoja. Mama mkwe alitoka nao Uvira, Kongo, kando ya ziwa, ukiwa kijiti, kakifunga kwa kitambaa kibichi. Siku za kungoja kiwanja pale Kabazana, kituo cha kupokelea wageni, alilala nacho kichwani. Vingine vyote vya nyumbani kwake vilibaki.

Mvua zikaingia. Majani yakatoka madoa ya manjano, yakawa kahawia, yakaanza kuanguka. Asubuhi moja niliokota arobaini na tatu. Nikarudia, arobaini na nne. Moja lilianguka nikihesabu.

Jirani yangu, shemasi, akachungulia juu ya ua. "Baba Neema, mti wa hivyo uko mu Injili. Ulikauka."

"Shemasi, ule haukuwa na mama mkwe."

Nikadhani ni wadudu, nikamwaga majivu. Wapi.

Nikabeba majani matatu hadi Mbarara, duka la dawa za kilimo. Muuzaji ni dada Mnyankore. Nilianza kuvutana bei kabla hajajua ninataka nini, ndivyo nilivyo.

"Ssebo, ngoja kwanza." Akageuza jani, akapitisha kidole chini yake. Kikatoka na vumbi la rangi ya chungwa. "Hii si dudu. Hii kutu ya majani. Ile naanguka, nyinyi napeleka wapi?"

"Tunayarudisha kwenye shina. Ni mbolea."

"Na maji namwaga wapi?"

Nikamweleza. Kila jioni mama mkwe aliyanyunyizia majani maji kwa mkono. Alisema mti wa kando ya ziwa unasikia joto la huku.

"Basi nyinyi nalisha yeye ugonjwa, halafu naogesha yeye."

Akaniuzia dawa ya ukungu yenye shaba, pakiti ndogo kuliko niliyoomba. Sijawahi kushindwa hivyo dukani nikafurahi.

Shida ikabaki nyumbani. Kwetu mkwe hamkosoi mama mkwe usoni. Nikamwambia mke wangu, "Umwambie wewe."

"Mimi ndiye nilienda Mbarara?"

Tukapatana: yeye aseme, mimi nifagie uwanja mwezi mzima.

Akamwambia mama yake jikoni. Siku mbili mama hakukanyaga nyuma ya nyumba. Nikapunguza matawi yaliyobanana, nikapuliza dawa, huku nikiwaza kwamba nimeponya mti na kumvunja mwenye mti.

Siku ya tatu nikamkuta ameinama pale, kikombe mkononi, anamwaga maji polepole kwenye shina. Hakunitazama.

"Mukwe, umefagia vibaya. Fasi ile umeacha majani mbili."

Nikayaokota. Yote tukayachoma mbali na mti.

Mvua zilipopungua, majani mapya yakatoka safi, juu na chini. Tini zikafuata. Za kwanza mama alimpelekea shemasi, akamsimamia hadi akamaliza kula.

Nilichojifunza: geuza jani kabla ya kununua dawa. Yaliyougua usiyafanye mbolea. Maji mwaga chini, asubuhi. Na neno la kumwambia mama mkwe lipitie kwa binti yake, hata kama utafagia.

Sasa ndege wanaziwahi tini kabla yetu. Mama anasema waachwe, nao wametoka mbali. Mwenye njia ya kuwazuia aiweke hapa, ila aje kumweleza mama mwenyewe.