Kona ya Darajani

Mume wangu hajui kukaa. Nimeolewa naye, nimezaa naye, na sijawahi kumwona Stanslaus amekaa kwenye kiti mpaka chai ikaisha. Atakunywa nusu, atainuka, ataingia stoo, utasikia anaiwasha ile kompyuta yake ya zamani, inaunguruma kama mashine ya kusaga, halafu atarudi kunywa chai iliyopoa na kulalamika kwamba imepoa. Nani alikutuma uiache?

Nikueleze hiyo kompyuta, maana bila hiyo huwezi kumwelewa Baba Wema. Ni ya miaka ya tisini mwishoni. Kioo chake kina chogo kama televisheni za zamani, ukitaka kukihamisha lazima uite watu. Kasha lilikuwa jeupe, sasa lina rangi ya meno ya mvuta sigara. Kipanya chake kina gololi tumboni, na hiyo gololi inazoa uchafu, kwa hiyo kila Jumamosi mwanamume mzima anasimama barazani akiukwangua kwa ukucha. Betri ya ndani ilikufa zamani, basi kila ikiwaka inadhani bado tuko mwaka tisini na nane. Umeme ukikatika ghafla, ukirudi haikubali kufanya lolote mpaka ijikague kwanza: kioo cha bluu, kimstari kinatambaa, na Stanslaus amesimama mbele yake mikono kiunoni kama mtu aliyempeleka mkewe leba. Mimi nilipokuwa leba alikuwa dukani.

Na usidhani hana nyingine. Ana duka la stationery hapa Kalangalala, mjini Geita, anachapa, anatoa kopi, anawajazia watu maombi ya mtandaoni. Kompyuta za kisasa anazo, nyembamba, zinawaka kabla hujapepesa jicho. Hizo anazifanyia kazi. Hii ya stoo anaipenda, na hapo ndipo ninapopandwa na hasira, maana sijui nimwonee wivu nani.

Sababu ni baba yake. Mzee Clemens alikuwa dereva wa misheni kule Ushirombo. Jumapili baada ya misa ya pili, padri alikuwa anawaruhusu, dereva na mwanawe, waingie ofisini wacheze mchezo wa magari. Watu wawili, kibodi moja: baba upande wa kushoto kwenye herufi, mtoto upande wa kulia kwenye mishale. Kioo kinagawanyika, juu gari la baba, chini gari la mtoto, mbio zinaanza. Na kila mara, nakwambia kila mara, gari la baba lilikuwa likifika kona ya darajani linatoka barabarani, linazama mtoni, na mzee anacheka anasema, "Haa, Landrova imezama!" Mtoto anapita, anashinda. Misheni ilipopata kompyuta mpya, ile ya zamani akapewa dereva, naye akaileta nyumbani imeviringishwa ndani ya godoro isije ikatikisika njiani.

Hadithi hii nimeisikia mpaka nimekinai. Akija mgeni, hata maji hajapewa, Stanslaus ameshaanza. "Mimi nilimshinda dereva wa misheni nikiwa darasa la tano! Mtu aliyeendesha Landrova mpaka Kibondo wakati wa masika!" Hata siku alipokuja kwetu Didia kujitambulisha, wajomba zangu wanamuuliza habari za ng'ombe, yeye anawaeleza kona ya darajani. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mwaka huu, kabla ya Kwaresima, mzee alipata kiharusi. Tukamleta hapa Geita. Upande wa kulia ulilala wote, na maneno yakaondoka, likabaki moja tu: "Haya." Unamwamkia, shikamoo baba, anajibu haya. Una njaa? Haya. Unaumwa? Haya. Mwanzoni tulijitahidi kucheka. Baadaye hata hiyo haya akaacha kuisema, akageukia ukutani. Ukimpa uji anafumba mdomo. Daktari alituambia mkono ulio mzima upewe kazi, atafutiwe kitu cha kumvuta, la sivyo atajiachia. Na alikuwa anajiachia, tulimwona. Kutwa nzima anagonga fimbo ukutani, ko, ko, ko, unatamani kupiga kelele, lakini akinyamaza ndipo tunaogopa zaidi.

Mimi ni mkwe. Kwetu mkwe hamlishi baba mkwe kwa mkono wake, wala hawakai chumba kimoja wakatazamana. Kwa hiyo naupika uji, naufikisha mlangoni, kisha naungoja urudi. Unaujua uchungu wa kupokea bakuli ulilolijaza mwenyewe, limeshafanya utando juu? Stanslaus alikuwa anakimbia, dukani nyumbani, nyumbani dukani, anamlisha, anatemewa, anabadilisha shati, anakimbia tena. Alimpa mzee simu yenye michezo, akaitupa. Akamletea kompyuta nyembamba ya dukani, mzee akaitazama kama anatazama sinia.

Asubuhi moja Stanslaus akasimama katikati ya jikoni, mswaki mdomoni.

"Mama Wema, mkono uliobaki ni wa kushoto."

"Hilo tunalijua."

"Alikuwa anachezea wa kushoto! Kwenye herufi! Mama Wema, baba anaweza kucheza!"

Akakimbilia stoo na povu lake la dawa. Nikasikia anabonyeza. Badala ya kuunguruma, kompyuta ikalia piii, ikatulia, ikalia tena piii, ikatulia. Halafu nikasikia ukelele wa mume wangu, nikajua kuna msiba.

Sasa, mdogo wangu Luka. Luka ni mchimbaji, anachimba Nyarugusu, na wakati huo mashimo yalikuwa yamejaa maji ya mvua, basi alikuwa kwetu, analala stoo humohumo. Mchimbaji wa huku akiona kitu cha njano kinang'aa hawezi kukipita, damu inamchemka. Luka alikuwa amesikia huko machimboni kwamba ndani ya kompyuta za zamani mna dhahabu. Na ni kweli, imepakwa kidogo sana kwenye vijino vya zile kadi. Akafungua kasha la shemeji yake, kwa bisibisi ya shemeji yake, akachomoa kadi za kumbukumbu, zile wanazoziita RAM, akazipeleka kwenye karasha la kusagia mawe. Zikasagwa unga, zikatiwa zebaki ikamate dhahabu.

"Nilitaka nimfurahishe shemeji," akasema. "Ana dhahabu ndani na hajui."

"Enhe, imepatikana?" nikamuuliza.

Akaangalia kucha zake. "Haikushika."

Nilimtukana kwa Kisukuma chote nilichorithi kwa bibi yangu. Stanslaus hakutukana. Bora angetukana! Alizunguka uani amekumbatia lile kasha, akapiga simu Mwanza, akapiga Shinyanga, kila fundi anamcheka: kadi ya aina hiyo, kaka, labda uende makumbusho. Ndani, fimbo ilikuwa imenyamaza tangu asubuhi. Nilipeleka uji, ukarudi. Nilikaa jikoni nikalia, sikujificha, Luka akaniona.

Akasimama mbele yangu kama mtoto aliyevunja chungu. "Dada," akasema, "kwa Mwigulu kuna kiroba kizima."

Mwigulu ndiye mwenye karasha lile. Kumbe si Luka peke yake aliyepata wazimu huo. Wachimbaji walikuwa wananunua kompyuta mbovu huko na huko, wanazibomoa, wanarundika vipande kwa Mwigulu vingoje zamu ya kusagwa. Jirani akabaki na mzee, sisi watatu tukaenda.

Kiroba kikamwagwa chini. Stanslaus akapiga magoti, akaanza kuchambua. Anainua kipande, anakipuliza vumbi, anakikodolea macho, anakitupa. Anainua kingine, anakitupa. Wachimbaji wakaanza kusogea. Watu wale wanajua maana ya kuchambua: ukimwona mtu anatupa jiwe hili na kutafuta lile, ujue kuna kitu ameona. Mara Stanslaus akapata kadi moja nyembamba, ndefu kama kitana. Akaigeuza, akaigeuza tena, kisha akaibusu. Jamani! Akaibusu mbele ya wachimbaji wa dhahabu!

"Weka chini," Mwigulu akasema.

"Kaka, naomba hii moja tu."

"Kwa nini hiyo? Mbona zile umezitupa? Hiyo ina gramu ngapi?"

"Haina gramu. Ni ya kucheza mbio za magari na baba yangu."

Kicheko kilichotoka hapo! Na papo hapo kila mtu akalivamia lile rundo kutafuta kadi ndefu kama ile, wanasukumana, mmoja nilimwona anaficha yake kwenye buti. Stanslaus akawa anawaeleza habari za vijino na kompyuta ya mwaka tisini na nane, na kadiri anavyoeleza ndivyo wanavyozidi kuamini kwamba ameona mali.

Hapo nikachemka.

"Nyie!" nikasema. "Baba mkwe wangu amegeukia ukuta, hali, hasemi, na mimi nimechoka kupika uji unaorudi! Huyu mume wangu mnayemwona hana akili ya kutafuta dhahabu, angekuwa nayo tungekuwa na gari! Mwigulu, huamini? Twende nyumbani ukaone kwa macho yako. Kama si mchezo, chukua kadi yako na kompyuta yenyewe ukasage."

Mwigulu akanitazama, akavaa kofia. "Twende. Nitakaa palepale mpaka nione."

Kadi akaitia mfukoni mwake, hakumpa Stanslaus mpaka tulipofika.

Ndivyo Mwigulu alivyokuja kukaa sebuleni kwangu, buti na tope lake, kofia gotini, macho kwenye mikono ya mume wangu. Kompyuta ikaletwa sebuleni, Stanslaus akapachika kadi, akabonyeza. Ikalia mara moja tu, ikaunguruma. Tukangoja. Kioo cha bluu, kimstari kikaanza kutambaa, na safari hii hata mimi nilisimama mikono kiunoni. Kisha ukapiga ule muziki wake mfupi wa kufungukia.

Chumbani, fimbo ikagonga. Ko.

Stanslaus na Luka wakambeba mzee na kiti chake. Mimi nikabaki mlango wa jikoni, nusu ndani nusu nje, mahali pa mkwe. Wakauweka mkono wake wa kushoto kwenye herufi. Mzee akakitazama kioo kwa muda mrefu. Vidole vikapapasa, vikatafuta, vikatulia mahali pao.

Magari yakaondoka. Stanslaus maneno yakawa yanamtoka bila kituo: "Taratibu baba, usiogope, kona ya darajani hiyo inakuja, ukizama si kitu, nitakungoja, nitaku..."

Mzee hakuzama. Aliikata ile kona kama mtu anayezunguka nyumba yake mwenyewe, akavuka daraja, akamwacha mwanawe nyuma, akashinda. Wakarudia, akashinda. Stanslaus akavua viatu, akanyamaza, akacheza kwa nguvu zake zote, jasho linamtiririka, na darajani akazama yeye. Mzee akashinda tena.

"Dereva huyu!" Mwigulu akajipiga paja. Habari za gramu alikuwa ameshazisahau.

Nilimwona mume wangu usoni. Alikuwa anacheka, halafu akamgeukia baba yake.

"Baba," akasema polepole. "Kumbe ulikuwa unaweza kupita pale."

Mzee hakugeuka. "Haya," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake tangu ageukie ukuta. Nilijifunika mdomo kwa khanga.

Mwanetu Wema, ambaye muda wote huo alikuwa anarukaruka nyuma ya kiti, akamvuta baba yake shati. "Baba toka, zamu yangu!" Stanslaus akampisha. Mtoto akakaa upande wa kulia, miguu haifiki chini, vidole kwenye mishale. Magari yakaondoka. Mzee akatangulia, mbele kabisa, mbali. Kona ya darajani ikafika. Gari la mzee likatoka barabarani taratibu, likateremka mtoni, likakaa humo.

"Nimemshinda babu!" Wema akaruka, akazunguka nyumba nzima, akatoka mpaka uani kuwatangazia majirani. "Nimemshinda dereva wa misheni!"

Mwigulu akainuka nusu, kidole kimeelekea kioo. "Lakini mzee mwenyewe ndiye ali..."

"Mwigulu," nikasema, "kaa, unywe chai."

Nikaleta uji mlangoni, Luka akaupokea, na mzee akafungua mdomo. Nikaleta na chai. Stanslaus alikuwa ameketi sakafuni, ameegemeza kichwa kwenye lile goti la baba yake lililolala. Alichukua kikombe chake akakishika kwa mikono miwili, machozi yanamshuka na hayafuti. Akanywa polepole, amekaa palepale, mpaka ikaisha.