Wiki Tatu za Yaya Feza

Kokwa za mchikichi zikikaangwa ili kutolewa mafuta hutoa harufu nzito, chungu kidogo, inayoshika nguo na kukataa kutoka hata zikifuliwa mara mbili. Ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu kule Mangobo, Kisangani, mwaka nilipotimiza miaka tisa. Mama alikaanga nyuma ya jiko, na dada yangu mkubwa, Feza, niliyemwita Yaya kama kwetu anavyoitwa dada mkubwa, aliyatumia mafuta hayo kusukia. Alikuwa na miaka ishirini na moja, na mtaani hapakuwa na msusi kama yeye. Wanawake walivuka mto kwa mtumbwi kutoka Lubunga ili awafunge nywele kwa uzi mweusi, zisimame wima kama miale. Jumamosi, baada ya kazi ya kufyeka mitaro ambayo hakuna raia aliyethubutu kuikwepa, ua wetu ulijaa. Mimi nilisukwa wa mwisho. Nilikaa chini kati ya magoti yake, nikavisikia vidole vyake vikienda mbio bila kuniumiza, huku akinisimulia habari za wateja wote walioondoka.

Mvua zilipoanza aliinuka siku moja mchana, akamwacha mteja na nusu ya kichwa haijasukwa, akasema watu wa kwenye redio wanaitaja mikono yake. Redio ilikuwa imezimwa. Tangu hapo hakula wala hakulala. Alijibizana na watu tusiowaona na kuwatukana majirani waliompenda. Watu walisema amelogwa na msusi mwenzake. Papa, karani mpole asiyejua kugombana, alimpeleka kwa waombezi, kisha kwa mganga wa mitishamba upande wa Masako, hadi asubuhi alipokutwa mtoni, maji yamemfika kifuani, akiwaambia wavuvi kwamba humo ndani kuna kimya. Ndipo wakampeleka hospitali. Mwuguzi mmoja mzee alimchoma sindano, na siku chache baadaye akampa Mama vidonge vyeupe vya asubuhi na jioni.

Sitasema uongo juu ya vidonge vile. Vilimrudisha. Wiki ya kwanza alilala tu. Wiki ya pili aliomba lituma, ndizi zetu za kupondwa, akala sahani nzima, akamtazama Mama na kusema, "Wamenyamaza." Mama akajifunika uso kwa kitenge chake na kulia, nami nikadhani mambo yamekwisha. Lakini mchana mmoja shingo yake ilijipinda upande, macho yakageukia juu, ulimi ukatoka nje, na Mama akapiga kelele akidhani mwanawe anakufa. Hospitali walimchoma sindano nyingine, na baada ya nusu saa shingo ikalegea. Mwuguzi alisema ni dawa, haitamwua, aendelee nayo. Akaendelea. Uso wake ukawa mgumu kama umepakwa udongo ukakauka. Mate yalimtoka pembeni mwa mdomo. Alitembea hatua fupi fupi, mikono haichezi, kama mtu aliyebeba beseni la maji kichwani na kuogopa lisimwagike. Wasichana wa darasa letu walimwigiza njiani kutoka shule. Siku moja nilicheka pamoja nao.

Alijaribu kunisuka mara moja. Vidole vilitetemeka, uzi ukamponyoka mara tatu, akaukunja taratibu na kuuweka mfukoni. "Hii mikono haiko yangu tena, mudogo yangu," alisema. Wateja waliacha kuja. Kila mwisho wa mwezi mwuguzi aliuliza yale yale: "Bon, mama, analala? Anakula? Anapiga watu?" Mama alijibu analala, anakula, hapigi mtu, na mwuguzi akaandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Yaya Feza aliketi pale pale, kitambaa cha kufutia mate mkononi, na hakuna aliyemuuliza lolote.

Kisha nikamwona, asubuhi moja nyuma ya nyumba, akitema kidonge na kukifukia kwa kidole cha mguu. Alinishika bega. "Usiambie Mama. Nitasuka tena, utaona." Sikusema, na haikuwa kwa woga. Nilimtaka dada yangu. Na kweli, siku baada ya siku alirudi: uso ukafunguka, mate yakakauka, mikono ikatulia. Alicheka. Akanisuka nywele za uzi, nzuri kuliko zote alizowahi kusuka, nikaenda nazo shuleni na wale wasichana wakanyamaza. Mama alimshukuru Mungu na kuisifu dawa. Mimi peke yangu nilijua. Hizo ndizo wiki tatu zilizokuwa tamu kuliko zote za utoto wangu.

Wiki ya nne alianza kunyamaza ghafla katikati ya maneno, kama mtu anayesikiliza ukuta. Niliona. Bado sikusema. Mchana mmoja, Mama akiwa sokoni, aliniita, akanikalisha chini kama kawaida, akaninong'oneza, "Wamejificha ndani ya nywele zako. Ikala, niwatoe." Alikuwa na wembe. Nilikaa kwa sababu alikuwa Yaya. Alikata nyuzi, akakata nywele, kisha akakata ngozi, na damu iliponiingia machoni nikapiga yowe hadi jirani akaruka ua. Wanaume wanne walimfunga kamba mbele ya mtaa mzima. Alikuwa akilia, akiwaomba waniangalie mimi kwanza.

Hospitali, kichwa changu kikiwa kimefungwa bandeji, nilisema yote: kidonge, siri, sababu. Mwuguzi mzee aliweka kalamu chini.

"Kazi yake ni kazi gani?" akauliza.

"Anasuka," nikasema.

Alipekua kurasa alizokuwa ameandika kila mwezi. "Hakuna mutu aliniambia."

"Hukuuliza," Papa akasema, na sikumsikia tena akiwa na sauti ile.

Baadaye walipunguza dawa na kuongeza kidonge kingine cha kutuliza mtetemeko. Mikono ilipata nafuu, ikatosha kuosha vyombo na kutwanga. Kusuka, hapana. Sauti pia hazikurudi kwa nguvu ile.

Sasa wazazi wetu wamefariki, na Yaya Feza, aliyepita miaka sitini, anaishi kwangu. Miaka mingi ya dawa imemwachia mdomo unaotafuna wakati hamna kitu ndani. Daktari wa siku hizi ni binti mdogo anayemtazama yeye, si mimi, na kumuuliza dawa inamfanyia nini mwilini. Swali hilo kwetu lilichelewa sana. Mwezi mwingine dawa yenyewe haipatikani, nasi tunangoja kwa hofu.

Mwaka jana nilimuuliza kama alinisamehe kwa kutoa siri yake. Alifikiri, mdomo ukitafuna.

"Kusema haikuwa kosa," alijibu. "Ulichelewa. Mimi nilikuwa mugonjwa. Wewe ulikuwa muzima."

Nilikuwa na miaka tisa. Sikumwambia hivyo. Nilimpa maji, akameza kidonge chake, akafungua kinywa nione kwamba kimeshuka.